Kaulimbiu za vyuo ziahidi kile ambacho chuo chenyewe kinaweza kukitimiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila ufikapo msimu wa udahili. Tangu matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa mwezi Julai hadi madirisha ya udahili yanapofungwa, Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Magomeni hujaa matangazo ya vyuo: mabango juu ya nguzo, vitambaa vilivyofungwa kwenye uzio, vipeperushi wanavyogawiwa abiria wanaosubiri mwendokasi, na redio za daladala zinazorudia maneno yale yale asubuhi na jioni. Karibu kila chuo kina kaulimbiu yake. Ukizisoma kwa utulivu utaona kwamba nyingi hazisemi chuo kinafundisha nini wala kinafundishaje, bali zinasema mwanafunzi atapata nini akishaondoka: ajira ya uhakika, maisha bora, ndoto kutimia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na kwa kuwa majirani wananifahamu, wazazi huniletea fomu za vyuo niwasomee na kuwashauri. Ninachotaka kusema ni hiki: kaulimbiu ndiyo sehemu ya chuo inayofahamika kwa watu wengi kuliko nyingine yoyote, hata kwa wale ambao hawatapita kamwe kwenye lango lake, na kwa sababu hiyo ndiyo kipimo ambacho jamii hukitumia kukihukumu. Chuo kinachojitangaza kwa kazi kinayoifanya hujiwekea kipimo kilichomo ndani ya uwezo wake. Chuo kinachojitangaza kwa ajira hulikabidhi jina lake kwa waajiri na kwa Serikali, na siku mambo yakigeuka huko, jina ndilo la kwanza kuanguka.

Wapo watakaonijibu kwa methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba chuo chema hakihitaji kaulimbiu wala bango. Kwa mji huu wa leo sikubaliani nao. Mzazi wa Chanika au Mbagala ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, na ambaye hana ndugu aliyefika chuo, hawezi kujua kwamba kipo chuo kidogo nyuma ya soko chenye maabara nzuri na wakufunzi wanaojali, mpaka mtu amwambie. Kujitangaza si kosa, na katika vyuo binafsi ambavyo ada ndiyo mapato yao makubwa, kutojitangaza ni kujifungia milango. Shaka yangu iko katika yale yanayotangazwa.

Tuanze na chuo ambacho kila mkazi wa jiji hili anakijua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba; kikahamia Mlimani mwaka 1964, kikiwa tayari ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikasimama peke yake kama chuo kikuu cha taifa. Wito wake ni Hekima ni Uhuru. Wito huo haumwahidi mtu mshahara, gari wala cheo, na hata hivyo hakuna aliyewahi kusema kwamba umekifanya chuo kile kikose waombaji. Mijadala ya miaka ya 1960 na 1970, wakati mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana akiwa miongoni mwa wahadhiri wake, ilikijengea chuo taswira ya mahali ambapo hoja hujibiwa kwa hoja, na maneno ya wito yakawa yanafanana na kilichokuwa kikionekana. Wito wa aina hiyo pia hukidai chuo. Mijadala inapofifia, mwananchi anaweza kusimama na kuuliza kama hekima ya Mlimani bado ni huru, na wenye chuo hawawezi kumjibu kwamba swali hilo linawahusu waajiri. Linawahusu wao.

Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2001 baada ya miaka mingi ya kuwafunza watawala na mameneja wa umma, nacho kina wito wenye tabia hiyo hiyo: Tujifunze kwa Maendeleo ya Watu. Mhitimu wa Mzumbe akikutwa anamnyanyasa mwananchi katika ofisi ya halmashauri, yapo maneno ya kumrudisha kwenye mstari, na maneno hayo yametoka chuoni kwake mwenyewe.

Nchi yetu ina uzoefu mrefu wa kaulimbiu, na naona ajabu kwamba vyuo havijifunzi kutokana nao. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia watu wapatao milioni 2 waliokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vidogo vilivyoandaliwa kwa ajili yao. Maneno yale matatu yalidumu kwa sababu yaliambatana na kazi ambayo mtu aliweza kuiona kwa macho: choo kimechimbwa, majani yamefyekwa kuzunguka nyumba, maji yamechemshwa. Hakuna aliyeambiwa kwamba akijiunga na kikundi atatajirika. Aliambiwa afanye nini na kwa nini, kisha akapewa kitabu, kiongozi wa kikundi na kipindi cha redio cha kumsaidia kufanya. Nawaomba wakuu wa vyuo waitazame kaulimbiu yao wajiulize ni kazi gani iliyo nyuma yake, na kama mgeni akija leo bila taarifa ataiona au hataiona.

Eneo ninalolijua vizuri zaidi ni ualimu, na huko ndiko nilikoona jinsi kaulimbiu inavyoweza kuliangusha jina la chuo ambacho hakikuwa kibaya. Kwa miaka mingi aliyehitimu ualimu alipangiwa kituo na Serikali moja kwa moja. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata kuanza kuota kila mahali, mahitaji ya walimu yalipanda kwa kasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaongezewa vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu mwaka 2005, kimoja Chang'ombe hapa jijini na kingine Mkwawa, Iringa. Na vyuo binafsi, vikubwa kwa vidogo, vikafungua kozi za ualimu. Ilikuwa rahisi sana wakati ule kuandika kwenye bango kwamba ukisoma hapa ajira ipo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ila ukweli huo haukuwa wa chuo. Ulikuwa uamuzi wa Serikali, na Serikali ilikuwa na haki ya kuubadilisha.

Ukabadilika. Utaratibu wa kupangiwa vituo moja kwa moja ulikoma, na katikati ya mwaka 2016 Serikali ilisitisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Ajira ziliporudi zikarudi kwa idadi ndogo kuliko wahitimu waliokuwa wakisubiri, na kwa ushindani. Vijana niliowafundisha mimi mwenyewe, wenye shahada za elimu walizozipata kwa jasho, wakarudi Kimara na kuanza kufundisha tuisheni barazani. Wazazi wao hawakumlaumu mtu wa Wizara wasiyemjua. Walikilaumu chuo, kwa kuwa chuo ndicho kilichoweka neno ajira kwenye bango walilolisoma kwa macho yao. Nilijaribu kuwaeleza kwamba wahadhiri wa chuo kile walifundisha vizuri, na kwamba kijana amerudi akiwa na uwezo wa kupanga somo na kulimudu darasa kuliko sisi tulivyokuwa umri wake. Hawakutaka kusikia. Mbele yao chuo kilikuwa kimetoa ahadi na ahadi ilikuwa imevunjwa. Ubora wa mihadhara haukuwa sehemu ya makubaliano, kwa maana bango halikuutaja.

Hukumu hiyo naiona si ya haki, ila chuo kiliiandika chenyewe. Kama kingejinadi kwa kile kilichokifanya vizuri, yaani kumsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa la kweli mapema, kumtembelea na kumsahihisha wakati wa mazoezi ya kufundisha, na kutompa cheti mpaka awe ameweza, basi hata katika ukame wa ajira kingebaki na jina la chuo kinachotoa walimu wanaojua kufundisha. Jina hilo lingemsaidia mhitimu mbele ya mwenye shule binafsi, na lingemsaidia hata barazani anapofundisha tuisheni. Badala yake mhitimu amebaki na cheti cha chuo ambacho mtaa mzima unakiona kuwa ni cha uongo.

Hili la mhitimu kubeba kaulimbiu ya chuo chake halizungumzwi vya kutosha. Afisa masoko atahama, wakala wa matangazo atalipwa na kwenda zake, ila kijana atakaa na jina la chuo kwenye wasifu wake maisha yake yote. Kila anapoomba kazi, jina hilo huingia ofisini kabla yake. Kama chuo kilijinadi kwa urahisi wa kujiunga na wepesi wa kumaliza, mwajiri atadhani kwamba hata masomo yalikuwa mepesi, na kijana atalazimika kutumia dakika za usaili kukitetea chuo badala ya kujieleza yeye.

Naomba nieleze tukio moja nililolishuhudia kwa karibu. Jirani yangu, mama anayeuza chakula karibu na Ubungo, aliniletea fomu ya kujiunga na chuo kimoja cha afya ambacho binti yake alikuwa amekiona kwenye bango. Jalada lilikuwa na picha ya msichana aliyevaa koti jeupe, na chini yake herufi nyekundu: Ajira yako inaanzia hapa. Ndani, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, zilikuwa hesabu. Ada kwa awamu nne, bima ya afya shilingi 50,400 kwa asiyekuwa nayo, kitambulisho, sare, mitihani, fedha ya tahadhari ya uharibifu, rimu za karatasi, ndoo na fagio. Sikuona mstari hata mmoja uliotaja hospitali ambako wanafunzi wangefanya mazoezi kwa vitendo. Pembeni chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba chuo kimesajiliwa, basi. Namba ya usajili haikuwepo, wala ngazi ya mafunzo ambayo chuo kimeruhusiwa kuitoa.

Nilipiga simu kwenye namba iliyoandikwa. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu nzuri, aliniamkia, na kila nilichouliza kuhusu ada alikijibu bila kusita. Nilipomuuliza kuhusu hospitali ya mazoezi alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, mwalimu, ajira yake inaanzia hapa." Nikamuuliza kuhusu ngazi ya kozi, naye akanijibu kwa maneno yale yale. Sikumchukia. Niliona kwamba alikuwa amekabidhiwa orodha ya ada na kaulimbiu, na zaidi ya hapo hakuna aliyemwambia lolote kuhusu chuo anachokisemea.

Tulifungua mwongozo wa udahili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Chuo kilikuwemo, ila kozi aliyoitaka binti haikuwemo. Binti akaenda chuo kingine na anaendelea vizuri. Kilichobaki akilini mwangu ni kwamba mpaka leo mama yule hakiiti chuo kile kwa jina lake. Anakiita "kile cha ajira", na anapowasimulia wateja wake mezani wao nao hukiita hivyo hivyo, na mzazi mwingine anayekula hapo akisikia atajua la kufanya. Chuo kilitumia fedha nyingi ili maneno yake yakae vichwani mwa watu, na kweli yamekaa.

Tatizo hili halipo kwetu peke yetu. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Drake, kilichopo jimbo la Iowa, mwaka 2010 kilitoa kampeni ya kuwavutia vijana iliyobeba herufi D na alama ya kujumlisha, kwa maana ya manufaa ya kusoma Drake. Ila kwa wenzetu wale D na alama ya kujumlisha ni alama ya mtihani inayokaribia kufeli, na kabla siku nyingi hazijapita chuo chenye heshima kikawa kichekesho katika vyombo vya habari. Uongozi ulijitetea kwamba vijana wamevutiwa, na inawezekana walivutiwa kweli. Waliofedheheka walikuwa wahadhiri na wahitimu. Uingereza nako, Novemba 2017, Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ilitoa uamuzi dhidi ya vyuo vikuu sita kwa mkupuo, kikiwemo cha Leicester kilichojitangaza kuwa miongoni mwa asilimia 1 ya vyuo bora duniani, na cha Falmouth kilichojiita namba moja kwa sanaa nchini humo. Havikuwa vyuo vya uchochoroni. Vilichokosa ni ushahidi wa kutosha wa yale vilivyoyasema, na mamlaka ikavitaka viache kuyasema.

Hapa kwetu sheria zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na chuo kinachotoza ada kinatoa huduma. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na NACTVET zina nguvu kubwa zaidi kwa kuwa zinaweza kuzuia udahili wenyewe. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kutokana na kasoro za ubora. Nguvu hiyo, hata hivyo, hutumika pale mambo yanapokuwa yameshaharibika na mzazi ameshalipa. Bango halikaguliwi na mtu. Yeyote anaweza kuandika "bora", "namba moja", "kinachoongoza", na kulitundika Manzese bila kuulizwa bora kuliko nani, wala kwa kipimo gani.

Nimewahi kuzungumza na wamiliki wa vyuo vidogo, na hoja yao naiheshimu. Wanasema kwamba wanapokea ruzuku kidogo au hawapokei kabisa, kwamba mishahara ya wakufunzi, pango na umeme vyote vinatoka kwenye ada, na kwamba chuo jirani kikiahidi ajira nao wasipoahidi, wanafunzi watakwenda kwa jirani. Nakubali kwamba shinikizo hilo ni la kweli. Ila ndilo linalofanya kaulimbiu zote zifanane mpaka zisiwe na kazi. Nimeona maneno yale yale, neno kwa neno, kwenye mabango ya vyuo viwili tofauti, na nadhani fundi wa mabango alibadilisha nembo tu. Chuo kinachosema kile ambacho kila chuo kinasema hakijajitofautisha na yeyote, na fedha ya bango imepotea bure. Jingine, ambalo naliona lina kasoro ya heshima kwa mzazi, ni kaulimbiu kuandikwa kwa Kiingereza na masharti ya ada kwa Kiswahili, kana kwamba anachotakiwa kukielewa ni malipo peke yake.

Na si kweli kwamba wananchi hawawezi kuvutiwa na kitu kingine isipokuwa ahadi ya kazi. Kwa miaka mingi mtaani kwetu mafunzo ya ufundi stadi yalionekana ni ya waliofeli. Mzazi aliyempeleka mwanawe VETA alisema kwa sauti ya chini. Nikiulizwa ni nini kilichobadilisha mawazo ya wazazi ninaowafahamu, sitataja tangazo. Nitataja banda la VETA kwenye maonesho ya Sabasaba, ambapo mwanafunzi mwenyewe husimama mbele ya kitu alichokitengeneza, akakueleza amekitengenezaje, na ukimuuliza swali gumu anakifungua akuoneshe ndani. Mzazi aliyeona hivyo hahitaji kuambiwa kwamba chuo ni bora. Vyuo vikuu navyo hukutana na wananchi kila mwaka kwenye maonesho yanayoandaliwa na TCU katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na natamani mabanda yao yawe na wanafunzi wengi zaidi wanaoonesha kazi, na wachache wanaogawa kalamu na fulana.

Kwa vyuo vya afya, yapo mambo mengi ya kweli na ya kuvutia yanayoweza kuandikwa kwenye bango: jina la hospitali ambako wanafunzi hufanya mazoezi, idadi ya wanafunzi kwa mkufunzi mmoja, wangapi wa mwaka fulani walifaulu mitihani yao kwa mara ya kwanza. Kwa vyuo vya uhandisi, yapo majina ya karakana na mashine. Na kama chuo kinaamini kwa dhati kwamba wahitimu wake wanapata kazi kuliko wengine, kiwafuatilie na kuchapisha hesabu yake kamili: waliohitimu mwaka huu ni wangapi, waliosajiliwa na mabaraza ya taaluma zao ni wangapi, walioajiriwa na waliojiajiri ni wangapi, na ambao hawajulikani walipo ni wangapi. Hesabu hiyo ikiwa nzuri itakitangaza chuo kuliko kaulimbiu yoyote. Ikiwa mbaya, uongozi utakuwa umejua pa kuanzia kabla mtaa haujawaambia.

Ningependa pia kaulimbiu isiachwe mikononi mwa ofisi ya masoko peke yake. Maneno yatakayosimama mbele ya jina la chuo yana uzito sawa na mtaala, na yafaa yapite kwenye baraza la chuo au bodi yake kama mtaala unavyopita. Kabla ya kuidhinishwa yasomwe mbele ya wakufunzi, na mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao wameshaiona maabara, wameshakaa kwenye hosteli, wamesharudia mitihani iliyowashinda na wamesharudi kutoka kwenye mazoezi. Wakiyasikia wakatazamana na kucheka, maneno hayo yasichapishwe. Sijui mkaguzi mwingine wa kaulimbiu aliye mwepesi kupatikana na mgumu kudanganywa kuliko hao.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi kwako na kwa wenzako wa redio na televisheni, kwa kuwa kaulimbiu hizi hutufikia pia kupitia kurasa zenu na vipindi vyenu. Najua matangazo ndiyo yanayolipia karatasi na mishahara, na siombi myakatae. Naomba kila tangazo la chuo mnalolipokea liwe na namba kamili ya usajili, ngazi ya mafunzo ambayo chuo kimeidhinishwa kuitoa kwa kila kozi iliyotajwa, na ada nzima ya mwaka pamoja na michango yote, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa zile za kaulimbiu. Tangazo lisilokuwa na hayo lirudishwe kwa aliyelileta akalikamilishe. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya wala kibali cha mtu, na inaweza kuanza katika toleo lenu la wiki ijayo, kabla dirisha la udahili la awamu inayofuata halijafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam.